Kabla Hujamwekea Mtu Sumaku Kichwani

Nilichomoa waya ukutani.

Sikubonyeza kitufe cha kuzima, sikusema samahani Daktari, sikusubiri. Mwanangu Athman alikuwa amekalishwa kwenye kile kiti kikubwa cha wagonjwa, miguu ikining'inia, kichwa kimezuiwa kwa mkanda, na juu ya sikio lake la kulia Daktari ameshika kibao cha sumaku, kile chenye umbo la nane. Mlio ulikuwa umeshaanza. Ta-ta-ta, kimya, ta-ta-ta, kimya. Sumaku ya mlio ule ikipigwa, mkono wa mgonjwa hautakiwi kucheza. Nguvu huwekwa chini makusudi. Lakini kidole gumba chake cha kushoto kilikuwa kinaruka. Nilikiona tangu mlangoni, mfuko wa pamba ungali mkononi mwangu, maana nilikuwa nimetumwa pamba. Mamangu mzazi alikuwa amesimama ukutani, mkoba kaukumbatia, anatabasamu kama mtu anayengoja kupigwa picha.

"Mama Athman, umeharibu kipimo," Daktari akasema.

"Nimekiharibu. Sasa toa mkono wako kichwani mwa mwanangu kabla sijaharibu na kingine."

"Tulia kwanza. Tuzungumze kama wafanyakazi."

"Mimi si mfanyakazi wako. Nilikuwa, mpaka nilipofungua huo mlango."

Hivyo ndivyo nilivyostaafu, nami sijatimiza thelathini. Chekeni tu. Wastaafu wengine hupewa saa ya ukutani na soda, mimi nilitoka na mtoto mgongoni na mfuko wa pamba ya watu ambayo mpaka leo sijairudisha.

Naandika haya kwa sababu kuna wasichana wa mtaani kwetu Kisauni, wamemaliza fomu foo juzi, wameitwa kazi kwenye vituo vya kuchochea ubongo kama kile changu cha Kiembeni, nao wamekuja kuniuliza: dada, kazi yenyewe ikoje, ni ngumu? Si ngumu. Inatisha. Mkiniuliza jambo moja la kushika, shikeni hilo: siku mtakayoacha kuogopa, siku hiyo rudini nyumbani mkauze viazi karai.

Kwanza mjue tulikuwa tunafanya nini. Mtu akipigwa na kiharusi, au mtoto akizaliwa na upande mmoja dhaifu kama wangu, mara nyingi mkono wenyewe hauna kasoro. Kasoro iko juu, kwenye sehemu ya ubongo inayoamrisha mikono na miguu. Sehemu ile inakuwa nzito. Unaiita, haiitikii. Kazi yetu ilikuwa kuifanya iwe nyepesi ya kushtuka, ili mgonjwa akifanya mazoezi baadaye, mkono usikie amri. Bila kisu, bila sindano, kwa kupitia juu ya fuvu tu. Daktari, yule mwenye kituo, alitaka kujua katika njia tatu ni ipi inayoamsha ubongo vizuri zaidi. Mgonjwa yuleyule anapitia zote, kila njia na siku yake, na katikati anapumzika siku kadhaa ili nguvu ya njia ya kwanza iishe kichwani kabla hujamletea ya pili. Hizo siku za kupumzika ziwekeni akilini.

Aliyenifundisha ni Madam Nduku, fundi wa mashine, mama wa Kikamba aliyehamia pwani akiwa msichana na Kiswahili chake hakijafika mpaka leo. Mimi nilimfunza kusema, yeye akanifunza kazi. Siku yangu ya kwanza aliniambia, "Wewe, kuja hapa. Kaa kwa kiti." Nikakaa. Akanibandika stika kwenye msuli wa kidole gumba, akanipima kichwa kwa utepe wa fundi cherehani, kutoka katikati ya macho mpaka kisogoni, kutoka sikio hadi sikio, akaweka alama kwa wanja. Kisha akaweka sumaku. Tak. Kidole changu kikaruka.

Sikukirusha mimi. Mnaelewa? Kidole changu mwenyewe, nilichozaliwa nacho, kimetii mtu mwingine. Nilitaka kulia.

"Umeogopa?" akaniuliza.

"Nimeogopa, Madam."

"Sawa. Ile msichana alikuwa hapa mbele yako alicheka. Mimi sikumtaka."

Njia ya kwanza ni umeme mdogo wa sponji. Unalowesha sponji mbili kwa maji ya chumvi ya dawa, unaziweka kichwani, umeme mdogo sana unapita baina yake. Mgonjwa anahisi kuwashwa kidogo, basi. Hauamrishi mkono ucheze, unaulainisha ubongo tu polepole. Shida yake ni kwamba watu hawaamini. Bibi mmoja wa Bamburi alikaa na sponji zake mpaka mwisho, akaniuliza, "Mwanangu, stima imerudi?" Alidhani muda wote ule tulikuwa tunangoja umeme urudi.

Kwa sponji, adui yenu ni mafuta ya nazi. Mwanamke wa pwani hatoki kwenda kwa daktari kichwa kikavu. Ni aibu, watu watasema hana wa kumtunza. Basi anakuja kichwa kinang'aa, nywele zimelala, na sponji inateleza, haishiki. Umeme ukikosa pa kupita sawasawa unajikusanya mahali pamoja, unachoma ngozi. Kwa hiyo lazima umwoshe. Nami nikamwambia yule bibi kwa adabu zote, "Bibi, nakuomba nikuoshe kichwa kabla hatujaanza."

Akanitazama. "Mwanikosha? Kwani nishakufa?"

"La, bibi, ni mafuta tu."

"Huanza hivyo hivyo. Mafuta, kisha karafuu maiti, kisha sanda. Mwite mwanangu aliye nje aje ashuhudie kwamba napumua."

Tulimwita. Alishuhudia. Nikamwosha.

Na msije mkalowesha sponji kwa maji ya kisima. Visima vyetu vya Kisauni vina chumvi, kila mtu anajua, chai yake ukiinywa unadhani umekosea mkebe. Lakini si chumvi ya kipimo. Mwenzetu mmoja alifanya hivyo maji ya dawa yalipoisha, akampa mzee wa watu alama nyekundu kwenye paji la uso kama amesujudu miaka arubaini. Mzee hakukasirika, alisema wenzake msikitini wamemheshimu zaidi. Madam Nduku ndiye aliyekasirika, na alipokasirika Kikamba kilitoka chote.

Njia ya pili ni kuoanisha. Unampiga mgonjwa mshtuko mdogo wa umeme kwenye mshipa wa kifundo cha mkono, kisha, kwa kitambo kisichotosha hata kupepesa jicho, unampiga sumaku kichwani. Habari ya mkono inafika juu wakati uleule sumaku inabisha. Ukirudia na kurudia, ubongo unaanza kuzifunga habari mbili pamoja. Ni nzuri, lakini inachosha, na haimfai mtu ambaye akili yake iko sokoni. Lazima autazame mkono wake, auwaze mkono wake. Akisinzia, umepoteza siku. Mimi nilikuwa nawaambia, "Mzee, hesabu mishtuko kimyakimya," na wengine walinihesabia wake zao.

Ya tatu ni sumaku ya kasi, hiyo ya ta-ta-ta. Ni fupi. Dakika chache tu umemaliza, na ikimpata mtu wake ubongo unaamka kuliko kwa sponji, ingawa mtu huyohuyo kesho anaweza asishtuke kabisa. Tulipolinganisha hatukuwahi kupata njia moja iliyozishinda nyingine kwa kila mtu, na msimwamini atakayewaambia amepata. Ila ya tatu ndiyo ya kuogopwa zaidi, kwa sababu hii: kitu unachokifanya chepesi kushtuka kinaweza kushtuka mno. Ubongo ukishtuka mno, mtu anaanguka. Anakakamaa, povu, macho juu. Ni nadra, watu wengi hawatapata kitu. Lakini wewe ndiye umeshika kibao.

Ndiyo maana mgonjwa haketi kwenye kiti bila kuulizwa, na kuuliza ni kazi kuliko mashine. Umelala jana? Askari wa zamu anakuja asubuhi moja kwa moja kutoka getini, hajafumba jicho, anakwambia amelala vizuri alhamdulillahi. Umetafuna? Atakuapia wallahi hajatafuna muguka, yale majani ya kuondoa usingizi, na shavu limevimba kama lina ndimu. Usibishane naye. Mwambie aje kesho. Pini za hijabu toa zote, na usimwulize kama amezitoa, papasa. Hirizi je, ina kipande cha chuma? Una chuma kichwani, masikioni? Na swali kubwa: kifafa.

Hapa ndipo Madam Nduku aliponishika mkono siku moja, alipomsikia mama mmoja akinijibu haraka, "Kifafa? Mungu apishe mbali, kwetu hakuna." Yule mama alipotoka Madam akaniuliza, "Nyinyi watu wa hapa, mtoto akishikwa na homa atetemeke, hiyo mnaita nini?"

"Hiyo ni degedege, Madam. Si kifafa."

"Inapelekwa wapi?"

Nikamweleza yale yote mnayoyajua. Mtoto hufukizwa, hufunikwa kanga nyeusi, shangazi hukimbia kwa maalimu apate kombe, yale maandishi ya wino wa zafarani yanayooshwa kwa maji ya marashi mtoto akanywa. Anapona, hatajwi tena. Hakuna mama wa huku atakayekaa mbele ya mgeni aseme mwanangu ana kifafa kwa sababu aliwahi kupata degedege. Ni kama kumwuliza ana kichaa akakujibu alilia jana.

"Basi kuanzia leo," Madam akasema, "uulize kama alishawahi fukizwa. Na kwa nini."

Degedege moja ya homa si kifafa, kweli, na watoto wengi wanaipata wanakua salama. Lakini anayeshika kibao lazima ajue. Tulipoanza kuuliza hivyo, watu walitujibu bila haya, na wengine tuliwarudisha nyumbani. Daktari hakupenda. Maswali yanakula asubuhi yote, alisema. Na mashine ya sumaku haikuwa yetu, ilikuwa ya kuazimwa, inarudishwa ilikotoka mwisho wa mwezi, na wagonjwa wa kulinganisha walikuwa hawajatimia.

Hapo ndipo siku za kupumzika zilipoanza kuliwa.

Mzee Kazungu alikuwa mchonga mawe wa Mwakirunge, kule kwenye machimbo. Kiharusi kilimchukua mkono wa kulia, ule wa sururu. Mtu mcheshi, ananiita mke wangu mbele ya mkewe. Daktari akamwekea sponji asubuhi, na badala ya kumwambia arudi baada ya siku kadhaa, akamwambia anywe chai angoje, amalizie sumaku mchana. Madam Nduku alisema, "Daktari, hii si mpango." Daktari alimjibu kwamba umeme wa sponji ni mdogo, hauna neno. Madam akanitazama, nami nikatazama sakafu.

Sumaku ikaisha. Nikaondoa kibao, nikazima. Kidole gumba cha Mzee Kazungu kikaendelea kuruka.

Akacheka. "Mwaona, mke wangu, umeitika." Kisha kifundo kikaanza. Kisha kiwiko. Mkono uliokuwa haupandi hata kwa kuombwa ulikuwa unapiga paja lake wenyewe, pa, pa, pa, na mashine imezimwa. Akaacha kucheka. Akanigeuzia uso na kuniuliza polepole, "Ni nyinyi mwauchezesha, ama ni wenyewe?"

Madam Nduku alijibu. "Ni yenyewe, mzee. Lala kwa ubavu. Mimi niko hapa." Akamlaza, akamshika shingo, akamtazama machoni mpaka mkono ukachoka, ukatulia. Mkewe aliyekuwa nje hakujua kitu. Daktari alisema ni dalili nzuri, mkono umeamka.

Kama ningeacha kazi siku ile, ningekuwa na hadithi fupi ya kuwaambia. Sikuacha. Nilikuwa na mtoto wa kulisha, na babake ni dereva wa trela, leo yuko Kampala kesho Kigali. Na nitasema ukweli, nilikuwa na tamaa. Athman ana miaka mitano. Mkono wake wa kushoto hukaa umekunjwa kifuani kama kifaranga. Shati humvalisha mimi. Wenzake wakicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, yeye hupewa kazi ya kuokota mpira. Kila nilipoona mruko wa kidole cha mgonjwa ukijichora kwenye skrini, nilimuona yeye. Mashine hiyo nilikuwa naiogopa na naitamani.

Daktari alilijua hilo. Alinikuta jikoni nachemsha chai, Madam yuko pale pale. Akasema, "Mama Athman, mlete mwanao. Ubongo wa mtoto ni mlaini, utaitikia kuliko wa hawa wazee."

"La, Daktari. Alipata degedege akiwa na mwaka. Mara mbili. Ya pili ilikuwa ndefu mpaka midomo ikageuka rangi. Sitaki."

"Hiyo ni homa ya utotoni tu."

"Sitaki."

"Sawa," akasema. "Ni wewe mama."

Nikadhani yameisha. Sikujua kwamba alichukua nambari ya mamangu kutoka kwa simu ya mapokezi, ile ambayo mamangu huipiga anaponitafuta. Akampigia kwa heshima zote, shikamoo mama, akamwambia mkono wa mjukuu unaweza kuamka, amlete. Hakumwambia kwamba mimi nilikataa. Na mamangu, ambaye ndiye humkanda Athman kwa mafuta ya habasoda kila alasiri akisoma na kulia, atafanyaje? Alimvika kanzu ya Idi akamleta. Siku ile nilipangiwa kwenda mpaka mjini kutafuta pamba, wakati pamba inauzwa hapo chini kwenye duka la dawa. Nilipofika kwenye daraja la kuingia mjini moyo ukanikataza, nikashuka matatu, nikanunua pamba ya karibu, nikarudi.

Yaliyofuata nimeyasema. Nilipomfungua mkanda, kichwa cha Athman kilikuwa na majimaji. Nikayagusa, nikaonja. Chumvi. Nikamgeukia Madam Nduku, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka chumba cha pili, na uso wake ukaniambia kwamba hata yeye hajui kilichofanyika mle ndani.

"Amewekewa sponji pia?" nikamwuliza Daktari. "Leo hii? Halafu sumaku juu yake?"

"Muda mfupi tu."

"Mama," nikamwambia mamangu, "amekuuliza nini?"

"Aliniuliza kama mtoto ana kifafa. Nikamwambia hana. Hana, mwanangu. Wewe wajua hana."

"Hakukuuliza degedege?"

Tabasamu likamtoka. "Mbona hayo? Yale yalikwisha. Tulimfukiza, yakaisha."

Wasichana, sikilizeni nini hofu. Hofu si mlio wala nyaya. Hofu ni kukaa kwenye benchi la wagonjwa na mtoto wako mapajani, mchana mweupe, na kutazama kidole gumba. Madam alikataa nimtoe nje mpaka tumtazame kwanza. Alikaa nasi, ameshika tochi. Athman akapiga miayo, nikaruka. Akakodoa macho kwenye pangaboi; nikamwita jina lake mpaka akaniuliza, "Mama, mbona waniita nami nipo?" Kidole kikaruka mara moja. Tukangoja. Kikaruka tena. Madam akamhesabia mapigo ya moyo. Mamangu alikuwa anasoma Yasin chini chini, na kila akifika mwisho anaanza upya. Kidole kikatulia, lakini mimi sikutulia, maana hata Mzee Kazungu alitulia kwanza kabla kifundo hakijaanza.

Jua lilipopinda tukampeleka hospitali wamwone. Walimpima, wakasema kwa sasa hana kitu, tumchunge. Tukarudi nyumbani. Mamangu akamkaangia mahamri. Na hapo, wallahi, Athman akanyoosha mkono wa kushoto, ule wa kifaranga, akafungua vidole, akalishika hamri, akalipeleka mdomoni. Hakujitambua kwamba amefanya kitu.

Mamangu akashika kifua. "Mwaona? Mwaona nyinyi? Yafanya kazi."

Nilimpigia simu Madam. Nikamweleza habari ya hamri. "Hiyo ni ile nguvu bado iko kwa kichwa," akasema. "Itashuka. Usiamini mkono wa jioni, Mama Athman. Mkono unaaminiwa ukishafanya mazoezi miezi, na mtu amechungwa."

Ilishuka. Kabla ya isha mkono ulikuwa umerudi kifuani. Na hicho ndicho kilichonitisha kuliko kidole kuruka, kwa sababu kwa ule muda wa hamri moja, nilijikuta nawaza: pengine nimrudishe. Mamangu alikuwa anawaza hivyo hivyo, nilimuona. Daktari naye alijua tutawaza hivyo. Kama mimi ninayejua nyaya zote zile niliwaza, mama wa Bofu au wa Mwakirunge atakataa kwa nguvu gani?

Kesho yake nikamwambia mamangu naenda kulalamika. Akakataa.

"Wataka niitwe mimi. Watu watasema Bi Zuhura amemtia mjukuu wake umeme."

"Watasema."

"Niondoe basi kwenye maneno hayo. Sema mtoto alikuwapo tu."

"Siwezi, mama. Nikikutoa wewe, yeye atasema mimi ndiye niliyemleta, maana nafanya kazi pale. Nani ataniamini?"

Akaenda kukaa na Athman mpaka adhuhuri. Alikuwa akimkanda Athman mkono, na kila kidole kilipocheza kwa kukandwa aliacha, akakitazama, mpaka ajue ni yeye ndiye anayekichezesha. Baadaye akaniita. "Lete kalamu," akasema. "Lakini sehemu yangu nitasema mwenyewe, nawe usinitengenezee Kiswahili."

Madam Nduku aliniambia atasema alichokiona akiitwa. Bado yuko kazini pale na anaogopa, simlaumu. Mimi nilikwenda mwenyewe kwenye ofisi inayosimamia vituo vya matibabu, nikaomba wagonge muhuri nakala yangu, nikakataa kuondoka mpaka wameugonga. Nilichowasilisha ni hiki:

KUH: MTOTO KUCHOCHEWA UBONGO BILA IDHINI YA MZAZI

Mimi ni mama wa Athman, mwenye miaka mitano, na nilikuwa msaidizi katika kituo ninacholalamikia.

Silalamiki kwamba njia hizi ni mbaya. Nimeziona zikisaidia watu. Nalalamika kwamba mwenye kituo alimwomba mwanangu kwangu, nikakataa, nikamweleza mbele ya shahidi kwamba mtoto aliwahi kupata degedege mara mbili. Alijua. Kisha alimwita nyanya yake bila kumwambia kwamba nimekataa, akanituma mbali, akamwekea mtoto umeme wa sponji na sumaku ya kasi kwa siku moja, bila ya mapumziko ambayo yeye mwenyewe aliyaweka kwenye mpango wake. Nilipofika kidole chake kilikuwa kinaruka katika njia ambayo mkono hautakiwi kucheza, na mashine haikuwa imesimamishwa.

Nalalamika pia kwa ajili ya mgonjwa mwingine, mtu mzima, aliyefanyiwa hivyo hivyo kabla ya mwanangu, mkono wake ukaendelea kucheza mashine ikiwa imezimwa. Nilikuwepo. Jina lake nitalitoa yeye mwenyewe akiridhia.

Naomba mashine hiyo isitumiwe kwa mtu yeyote pale mpaka mtakapokwenda kuona, na naomba mwende bila kuwapigia simu. Naomba kila mtoto aliyewekwa kwenye kiti kile atafutwe, na mamake aulizwe upya, pole pole, na mtu anayejua kuuliza watu wa huku. Naomba mnijibu kwa maandishi.

Maneno yafuatayo ni ya mamangu, ameyasema mwenyewe na ametia sahihi:

Mimi Zuhura, nyanya wa mtoto, ndiye nimempeleka kwa mkono wangu huu. Niliulizwa ana kifafa, nikasema hana, na sikusema urongo. Sikuulizwa jengine. Sikuambiwa kwamba mamake amekataa. Lau ningaliambiwa, singalimpeleka. Na nyinyi msije mkaniambia mkono uliamka, kwani niliuona ukiamka, na niliuona ukilala.